Uhalifu Ulipopungua, Nani Alistahili Sifa?

Novemba 1995 profesa wa Chuo Kikuu cha Princeton, John DiIulio, aliwatangazia Wamarekani kwamba kizazi cha kutisha kiko njiani. Wavulana waliokuwa bado wanacheza viwanjani, alisema, wangekua na kuwa wahalifu wasio na chembe ya huruma, na idadi yao ingezidi kupanda mwaka hadi mwaka. Magazeti yakaidaka habari hiyo. Wanasiasa wa vyama vyote viwili wakaihubiri majukwaani. Katika miaka hiyo ya 1990 karibu majimbo yote ya Marekani yalibadili sheria zao ili iwe rahisi kumpeleka mtoto katika mahakama ya watu wazima na kumfunga kama mtu mzima.

Kizazi hicho hakikutokea. Makala ile ilipochapishwa, uhalifu wa vijana ulikuwa tayari umeanza kushuka, na kufikia mwaka 2000 vijana waliokamatwa kwa mauaji hawakufika nusu ya wale wa mwaka 1993. Baadaye DiIulio mwenyewe alikiri kwamba utabiri wake ulikosea, na mwaka 2012 jina lake lilikuwa miongoni mwa majina ya wataalamu walioiandikia Mahakama ya Juu ya nchi hiyo kuunga mkono kesi ya kupinga kifungo cha maisha cha lazima kwa watoto. Alifanya jambo la kiungwana. Hata hivyo, waliofungwa wakiwa na miaka kumi na mitano kwa hofu ya jambo ambalo halikuja, hakuna aliyewarudishia ujana wao.

Ndiyo maana swali la kwa nini uhalifu hupungua halifai kuachiwa wanasiasa. Anayekosea jibu lake huwafunga watu bure.

Kushuka kwenyewe hakuna ubishi. Mwaka 1990 watu zaidi ya 2,200 waliuawa katika jiji la New York; mwaka 2017 waliuawa 292, na wakati huo wakazi wa jiji walikuwa wameongezeka kwa zaidi ya milioni moja. Kwa Marekani nzima, mauaji yalishuka kutoka 9.8 kwa kila watu laki moja mwaka 1991 hadi 4.4 mwaka 2014. Uingereza na Wales zilihesabu makosa takriban milioni 20 katika mwaka 1995, yaani wizi, uvunjaji wa nyumba, kupigana, kuharibu mali. Robo karne baadaye makosa ya aina hiyo hiyo hayakufika milioni 6.

Takwimu hizo za Uingereza hazikutoka polisi, na jambo hili ni la msingi. Tangu mwaka 1982 watafiti huko wamekuwa wakibisha hodi kwenye maelfu ya nyumba na kuwauliza watu walifanyiwa nini katika miezi kumi na miwili iliyopita, wawe walikwenda kituoni au hawakwenda. Polisi hujua tu kile wanachoambiwa. Aliyeporwa simu Kariakoo au Gikomba akaona ni nafuu anunue nyingine kuliko kupanga foleni kituoni, hayumo katika daftari lolote la serikali. Kwa hiyo tunaposema uhalifu ulishuka Uingereza, tunasimama juu ya maneno ya walioibiwa wenyewe, na hao hawana cheo cha kulinda.

Basi sifa ni za nani? Wa kwanza kudai sifa alikuwa meya wa New York, Rudolph Giuliani, aliyeingia madarakani Januari 1994 na kumpa William Bratton uongozi wa polisi wa jiji. Walifuata wazo lililoandikwa mwaka 1982 na James Q. Wilson na George Kelling, kwamba dirisha moja lililovunjika likiachwa bila kutengenezwa hualika uharibifu mkubwa zaidi. Polisi wakakazana kuwakamata wanaoruka vizuizi vya treni bila tiketi, wanaokunywa pombe barabarani, wanaochora kuta. Mauaji yakashuka kwa kasi, na dunia nzima ikaja kujifunza. Wachache waliangalia tarehe: mauaji ya New York yalikuwa yameanza kushuka tangu mwaka 1991, kabla ya meya huyo kuapishwa. San Diego nayo, upande wa pili wa nchi, ilishusha uhalifu wake kwa kiasi kikubwa katika miaka hiyo hiyo bila ukali wa namna ile.

Kisha New York ikafanya, bila kukusudia, jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kuliomba. Polisi walikuwa wamezoea kuwasimamisha watu njiani na kuwapekua. Mwaka 2011 walifanya hivyo mara zaidi ya 685,000. Wengi mno wa waliosimamishwa walikuwa vijana weusi na wenye asili ya Amerika Kusini, na karibu tisa katika kila kumi waliachiwa kwa kuwa hawakukutwa na kosa. Mwaka 2013 jaji Shira Scheindlin aliamua kwamba utaratibu huo, jinsi ulivyotumika, ulivunja katiba. Kufikia mwaka 2016 upekuzi ulikuwa umeporomoka hadi kama 12,000. Viongozi walionya kwamba damu ingemwagika. Mauaji yalikuwa 515 mwaka 2011. Mwaka 2017 ndio ule wa 292. Sisemi kwamba polisi hawana maana, kwani zipo tafiti nzuri zinazoonyesha kuwa kuongeza askari barabarani hupunguza mauaji. Ila kumdhalilisha kijana ukutani kila anapotoka shuleni siko kulikookoa maisha.

Gereza nalo lina watetezi wake. Mchumi Steven Levitt alikadiria mwaka 2004 kwamba ongezeko la wafungwa lilieleza karibu theluthi moja ya kushuka kwa uhalifu wa Marekani katika miaka ya 1990. Lakini vuka mpaka uingie Canada. Huko uhalifu ulishuka katika miaka hiyo hiyo, kwa mwendo unaokaribiana sana na wa jirani yake, kama alivyoonyesha mwanasheria Franklin Zimring, ilhali wafungwa wa Canada walibaki kama mia moja na kidogo kwa kila watu laki moja. Marekani ilikuwa imepita 700. Uholanzi ilifika mahali ikakosa wafungwa wa kutosha kujaza magereza yake, na mwaka 2015 ikaanza kuikodisha Norway gereza zima.

Maelezo mengine niyapitie haraka. Uchumi: katika mdororo mkubwa wa mwaka 2008 na 2009 mamilioni walipoteza kazi, na uhalifu ukaendelea kushuka. Umri: ni kweli tangu Adolphe Quetelet aandike mwaka 1831 kwamba uhalifu ni wa vijana zaidi, lakini jamii huzeeka polepole mno kuweza kupunguza mauaji kwa nusu ndani ya muongo mmoja. Levitt na John Donohue walidai mwaka 2001 kwamba kuhalalishwa kwa utoaji mimba Marekani mwaka 1973 kulipunguza watoto waliozaliwa katika mazingira magumu, na hivyo kukapunguza wahalifu wa baadaye. Mwaka 2005 Christopher Foote na Christopher Goetz walikuta kosa katika hesabu za kompyuta za jedwali moja muhimu, na ubishi huo haujazimika hadi leo.

Maelezo yanayonishika zaidi yanaanzia kwenye tangi la mafuta.

Desemba 1921, katika maabara ya General Motors mjini Dayton, Ohio, mhandisi Thomas Midgley aligundua kwamba kemikali yenye madini ya risasi ikichanganywa kidogo tu na petroli huifanya injini isigonge. Ubaya wa madini hayo ulijulikana tangu enzi za Warumi. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha mafuta cha Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu ya kemikali hiyo baada ya kurukwa na akili. Mwisho wa mwezi huo huo Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kemikali hiyo mbele ya macho yao, akainusa, ili waone kwamba haina madhara. Mwaka uliotangulia, yeye mwenyewe alikuwa amelazimika kuacha kazi kwa wiki kadhaa kwa sababu ilimdhuru. Bidhaa ikaenea sokoni, na kwa miaka mingi iliyofuata karibu kila gari lililowashwa lilitema vumbi la madini ya risasi juu ya barabara, nyua na viwanja vya watoto.

Mwili wa mtoto huyadhania madini hayo kuwa ni kalisi. Huyapokea, huyahifadhi mifupani, na huyaruhusu kuingia katika ubongo ambao bado unajengeka. Yanaharibu zaidi ile sehemu ya nyuma ya paji la uso, ambayo humwezesha mtu kusubiri, kupima, kumeza hasira. Mjini Cincinnati watafiti waliwaandikisha wajawazito wa mitaa yenye nyumba kuukuu kati ya mwaka 1979 na 1984, wakapima damu ya watoto wao tangu kuzaliwa, wakawafuatilia hadi utu uzima. Matokeo ya karibu watu 250 yalichapishwa mwaka 2008: waliokuwa na madini mengi zaidi katika damu wakiwa na miaka sita, ndio waliokamatwa mara nyingi zaidi kwa makosa ya ukatili walipokuwa watu wazima. Picha za ubongo za baadhi yao zilionyesha upungufu pale pale nyuma ya paji la uso, hasa kwa wanaume.

Sasa linganisha miaka. Madini ya risasi katika petroli ya Marekani yaliongezeka sana baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kufika kilele mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha serikali ikaanza kuyaondoa. Ukatili ulipanda tangu miaka ya 1960, ukafika kilele mwaka 1991, ukashuka. Kati ya mistari hiyo miwili kuna pengo la miaka kama ishirini, ambao ndio muda wa mtoto mchanga kuwa kijana. Rick Nevin aliuonyesha mfanano huo mwaka 2000. Jessica Wolpaw Reyes akaenda mbali zaidi mwaka 2007 kwa kulinganisha majimbo yaliyoondoa madini hayo haraka na yale yaliyochelewa.

Inashawishi, tena inashawishi mno, na hapo ndipo inapobidi tujizuie. Vitu viwili vinaweza kupanda na kushuka pamoja bila kimoja kumzaa mwenzake. Mwaka 2022 Anthony Higney, Nick Hanley na Mirko Moro walikusanya tafiti zote walizoweza kuzipata na kurekebisha tatizo moja la kawaida katika sayansi, kwamba utafiti wenye matokeo makubwa huchapishwa upesi na usio na matokeo hubaki kwenye droo ya dawati. Baada ya marekebisho hayo, walikadiria kwamba madini ya risasi yanaeleza kati ya asilimia 7 na 28 ya kushuka kwa mauaji nchini Marekani. Isitoshe, mwaka 2020 mauaji ya Marekani yaliruka kwa karibu asilimia 30 katika mwaka mmoja, kisha yakashuka tena kwa kishindo mwaka 2023 na 2024. Hakuna ubongo uliobadilika kwa kasi hiyo. Jambo la mitaani, la janga la korona, la silaha na la kuaminiana kati ya watu na polisi, lilihusika.

Lakini hata hiyo asilimia 7 ni maelfu ya watu walio hai. Nasi tumo katika habari hii. Mwaka 2001 serikali za Afrika zilikubaliana mjini Dakar kuacha petroli yenye madini ya risasi, na ilipofika Januari 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuiuza. Kazi hiyo iliratibiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira kutoka makao yake makuu ya Gigiri, Nairobi, hadi Algeria ilipofunga pampu ya mwisho duniani Julai 2021. Kijana wa Dar es Salaam au Kisumu aliyezaliwa baada ya Januari 2006 hakuvuta moshi ule waliouvuta wazazi wake.

Sumu hiyo haijaisha kwa kuondoka kwenye petroli. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari katikati ya makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na ambaye mtoto wake mchanga alikutwa na madini hayo mwilini, aliongoza mapambano hadi mahakama ya mazingira ya Mombasa ikaamuru mwaka 2020 wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ile iliongelewa kama ya afya na mazingira, na ni sawa. Ningependa wanaopanga bajeti za usalama waisome pia.

Turudi kwa wezi wa kawaida, maana madini ya risasi hayaelezi vizuri kwa nini magari yaliacha kuibwa. Katika Uingereza ya miaka ya 1980 kijana mwenye bisibisi aliweza kuliwasha gari la watu na kuondoka nalo ndani ya dakika moja. Serikali ilihubiri, ikakamata, ikafunga. Mwaka 1992 ikafanya jambo jingine: ilichapisha orodha ya magari yanayoibwa zaidi, kwa jina na aina, wanunuzi waone. Watengenezaji wakaaibika na kuanza kuweka vifaa vya kielektroniki vinavyozuia injini isiwake bila ufunguo wake halisi. Kufikia mwaka 1998 vilikuwa vya lazima kwa magari mapya katika Umoja wa Ulaya. Wizi wa magari ukaporomoka, tena kwa mpangilio unaoeleweka: magari mapya yalisalimika kwanza, makuukuu yakaendelea kuibwa mpaka yalipozeeka na kutoka barabarani. Graham Farrell na Nick Tilley, ambao pamoja na Andromachi Tseloni wamepima maelezo zaidi ya 15 ya kushuka kwa uhalifu, wanaamini kwamba wizi wa gari ulikuwa mlango ambao wavulana wengi waliingilia katika makosa mazito. Mlango ulipofungwa, wengi wao hawakuingia kabisa, na ndiyo sababu kushuka kulionekana zaidi kwa vijana.

Jibu la haraka ni kwamba mwizi akikosa gari ataiba kingine. Ujerumani Magharibi inatupa sababu ya kutoliamini jibu hilo. Mwaka 1980 nchi hiyo ilianza kutoza faini ya papo hapo kwa anayeendesha pikipiki bila helmeti. Nia ilikuwa kupunguza vifo vya ajali, basi. Lakini mwizi wa pikipiki mara nyingi huwa hakupanga. Ameiona, ameitamani, ameiparamia. Sasa angepita barabarani kichwa wazi na kila askari angemsimamisha. Pikipiki zilizoibwa zilikuwa zaidi ya 150,000 mwaka 1980. Kufikia mwaka 1986 zilikuwa kama 54,000. Je, wezi walihamia kwenye magari na baiskeli? Wizi huo haukupanda kwa kiasi cha kuliziba pengo lile. Kosa kubwa la watu wengi ni kudhani kila mwizi ameazimia. Wengi wao wamekuta mlango wazi.

Mwanga hufanya kazi kama hiyo. Mwaka 2016 jiji la New York liliweka minara ya taa katika baadhi ya mitaa ya nyumba za umma iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na makosa makubwa ya nje wakati wa usiku yakapungua kwa karibu asilimia 36. Wakazi wa Kibera na Mathare, wanaozijua taa ndefu za mulika mwizi, hawatashangaa. Philadelphia ilikwenda kwenye viwanja 541 vilivyotelekezwa, ikagawanya kwa bahati nasibu vipi vifanyiwe kazi na vipi viachwe. Waliondoa matairi na taka, wakapanda nyasi na miti michache, wakajenga uzio mfupi wa mbao. Katika mitaa maskini zaidi, mashambulizi ya bunduki yalipungua kwa asilimia 29. Hakuna aliyefungwa. Naye Patrick Sharkey, mwanasosholojia, alipitia miji 264 ya Marekani na kukuta kwamba kila vikundi 10 vya kijamii vilivyoongezeka kwa kila wakazi laki moja, vikundi vya kulea vijana, kusafisha mitaa, kusaidia waraibu, vilipunguza mauaji kwa asilimia 9. Akina mama na vijana walioendesha vikundi hivyo hawakutajwa na meya yeyote alipokuwa akijisifu.

Pesa taslimu nazo zina hadithi yao. Jimbo la Missouri lilipoanza kulipa misaada ya serikali kwa kadi badala ya hundi ambazo watu walizibadilisha kuwa noti, uhalifu ulishuka kwa karibu asilimia 10. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya Machi 2007, mamilioni ya watu wa kanda yetu wameacha kutembea na mishahara yao mfukoni au kuificha chini ya godoro. Wezi nao wamejifunza. Mtanzania gani hajapokea ujumbe wa mtu asiyemjua akimwambia ile hela aitume kwa namba hii? Uingereza yenyewe, uhalifu wa mitaani uliposhuka, udanganyifu wa simu na mtandaoni ukawa karibu asilimia 40 ya makosa yote ambayo watu wanasema wamefanyiwa.

Baadhi wanasema basi uhalifu haukupungua, umehama tu. Silikubali hilo, kwa sababu anayetapeli kwa simu akiwa nchi ya mbali siye yule kijana wa bisibisi, na aliyetapeliwa hakuchomwa kisu. Ila maumivu ni ya kweli, na swali ni lile lile la mwaka 1992: nani anaweza kuufunga mlango huu, na kwa nini hajaufunga? Tangu Oktoba 2024 benki za Uingereza zinalazimika kumrudishia mteja aliyedanganywa akatuma fedha mwenyewe, hadi pauni 85,000, na gharama hiyo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Benki iliyompa tapeli akaunti sasa inalipa kwa uzembe wake. Kwetu, bibi anayetuma laki mbili kwa namba ya tapeli huambiwa awe makini siku nyingine, huku ada ya muamala ikiwa imeshakatwa pande zote mbili, kwa mtumaji na kwa tapeli alipokwenda kwa wakala kuzitoa.